Mishikaki ya Kijapani ya kuku wa kusaga: Iive kwanza, sosi baadaye

Binti yangu ana miaka saba. Mwaka jana alianza kunisumbua kuhusu chakula alichokiona kwenye katuni za Kijapani: kijiti kimoja, madonge matatu ya nyama, yanang'aa kama yamepakwa asali. "Mama, tupike ile mishikaki ya mviringo." Huyu ni mtoto ambaye kipande cha kuku hukizungusha mdomoni nusu saa kisha akakitema pembeni ya sahani. Ombi lake nililipokea kwa mikono miwili.

Jumapili moja nikanunua nusu kilo ya mapaja ya kuku, nikasaga, nikachanganya na vitunguu, nikaitunga vijitini na kuwasha jiko la mkaa uani. Soya sosi na sukari nilipaka tangu mwanzo, nikidhani ndivyo inavyofanywa. Dakika tano tu, madonge yakawa meusi. Mawili yakavunjika yakaangukia mkaani. Nikaona basi, yameiva, nikampa mwenye ombi sahani ya kwanza. Akauma, akatafuna, akameza, ndipo akanionyesha: "Mama, mbona ndani ni pinki?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwamsha mara mbili kumuuliza kama tumbo linamuuma. Siku tatu nzima kila alipokwenda chooni nilikuwa nyuma yake. Namshukuru Mungu hakuumwa. Lakini nyama yote iliyobaki iliishia kwenye taka, na mtoto aliyekuwa ameomba kuku kwa mdomo wake mwenyewe akaniambia hataki tena.

Mzazi mwenzangu, unajua bei ya kuku ilivyo. Unajua pia ilivyo kazi kumrudisha mtoto kwenye chakula alichokikataa. Nikaamua kutafuta wenyewe Wajapani wanafanyaje. Nikagundua kosa langu halikuwa kwenye viungo wala kwenye mkaa. Lilikuwa kwenye mpangilio. Nilianza na kile kinachotakiwa kuwa cha mwisho.

Chakula chenyewe ni kipi?

Wajapani wanakiita tsukune. Jina hilo linatokana na neno lao lenye maana ya kukanda na kufinyanga kwa mkono. Ni mmoja wa jamii ya yakitori, mishikaki ya kuku ambayo huuzwa kwenye vibanda na migahawa midogo kote Japani. "Yaki" ni kuchoma, "tori" ni ndege, na hapa ndege anayekusudiwa ni kuku.

Kwenye migahawa ya yakitori kuku hatupwi kitu. Kuna kijiti cha paja, cha ini, cha firigisi, cha moyo, hata cha ngozi peke yake. Tsukune ni kijiti cha nyama ya kusaga. Wapo wapishi wanaokatakata gegedu laini na kulichanganya humo ili mlaji asikie kitu kikilia chini ya meno.

Mteja huchagua ladha mbili. Ya kwanza ni chumvi tupu. Ya pili ni sosi nzito yenye utamu iitwayo tare, inayotengenezwa kwa soya sosi, sukari na pombe za mchele. Ile ndiyo inayong'aa kwenye katuni.

Kwa msomaji wetu, njia rahisi ya kuifikiria ni hii: ni kababu iliyotungwa kama mshikaki. Anayejua kukanda kababu tayari ana nusu ya kazi mkononi.

Usidhani Wajapani wamekula kuku hivi tangu zamani. Mwaka 675 mfalme wao Tenmu alitoa amri ya kuzuia watu kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa miezi kadhaa ya mwaka, na kwa karne nyingi zilizofuata nyama haikuwa chakula cha kila siku kwa watu wengi. Kuku wa bei nafuu walienea kuanzia miaka ya 1960, ufugaji wa kuku wa nyama ulipokua. Ndipo mishikaki hii ikawa chakula cha mtu yeyote anayetoka kazini jioni.

Majumbani mambo ni tofauti na mgahawani. Familia nyingi za mijini zinaishi kwenye nyumba za ghorofa ambako huwezi kuwasha mkaa. Kwa hiyo mama au baba wa Kijapani hupika tsukune kwenye kikaango, mara nyingi bila kijiti. Wengine huchanganya nyama na tofu, yaani jibini ya maharagwe ya soya, ili nyama kidogo ilishe watu wengi na iwe laini kwa watoto. Zikipoa huingia kwenye bento, kisanduku cha chakula ambacho mtoto huenda nacho matembezini au shuleni.

Nimeyasema haya ili usiogope. Huhitaji jiko la Kijapani. Jiko la mkaa, la gesi au la umeme, lolote linatosha.

Kwa nini yangu iliungua nje, ikabaki mbichi ndani?

Sababu ya kwanza ni sukari. Sosi yenye sukari ikikutana na moto mkali huungua kabla joto halijafika katikati ya donge. Macho yanakuambia imeiva, kumbe kilichoiva ni sosi.

Sababu ya pili ni ya hatari zaidi. Kuku mbichi anaweza kubeba vijidudu kama salmonela na kampilobakta, vinavyoleta homa, kutapika na kuharisha. Kwenye kipande kizima vijidudu vingi hukaa juu, palipo karibu na moto. Ukishasaga, ulivyoviacha juu umeviingiza ndani. Ndiyo maana kuku wa kusaga hana "nusu kuiva".

Mamlaka za afya za Japani huelekeza kwamba nyama ya namna hii ifikie nyuzi joto 75 katikati, na ikae hapo angalau dakika moja. Kama una kipimajoto cha jikoni, kitumie. Kama huna, wapo wapishi wa Kijapani wanaotumia njia ambayo nimeipenda kuliko zote: madonge yanachemshwa kwanza kwenye maji, yanaiva kabisa, ndipo yanatungwa kijitini na kupelekwa motoni. Moto kazi yake inabaki kutia rangi na harufu. Donge halivunjiki, halidondoki, na wewe huna wasiwasi.

Mahitaji ya vijiti 8

Kwa nyama:
• Nusu kilo ya kuku wa kusaga. Paja ni bora kuliko kidari, kwa kuwa lina mafuta kidogo na halikauki
• Nusu kijiko cha chai cha chumvi
• Kiini cha yai moja
• Vijiko 2 vikubwa vya wanga wa mahindi au wa viazi
• Vitunguu vya majani, mashina 3 au 4, vilivyokatwa vidogo sana
• Kijiko 1 kikubwa cha tangawizi iliyokunwa

Kwa sosi:
• Vijiko 3 vikubwa vya soya sosi
• Vijiko 3 vikubwa vya sukari
• Vijiko 4 vikubwa vya maji
• Kipande cha tangawizi kilichopondwa
• Matone machache ya ndimu au siki

Vijiti vya mianzi viloweke kwenye maji kwa nusu saa kabla, visiungue mapema. Ukipata ufuta, ukaange kidogo bila mafuta uunyunyize mwishoni.

Mkate wa jana uliosagwa kuwa chenga unaweza kuongezwa kidogo kama nyama haitoshi. Ukitumia chenga za mkate, punguza wanga kijiko kimoja.

Hatua kwa hatua

1. Kanda nyama na chumvi peke yake. Hapa wengi tunakosea. Tunamimina kila kitu kwenye bakuli kwa pamoja. Weka nyama ikiwa ya baridi, tia chumvi, kanda dakika mbili au tatu kwa upande mmoja mpaka ibadilike, inate na kushika bakuli. Chumvi inatoa protini ya nyama, na protini hiyo ndiyo gundi. Usipofanya hivi, donge litabomoka hata ukitia mayai matatu.

2. Ongeza vilivyobaki. Kiini cha yai, wanga, tangawizi, na vitunguu mwisho. Changanya mpaka vishikane, basi. Kama mchanganyiko ni laini mno, uweke kwenye friji dakika 20.

3. Finyanga. Lowesha mikono, chukua nyama kiasi cha ndimu ndogo, viringisha. Utapata madonge kama 24. Yawe sawasawa kwa ukubwa, yaive kwa wakati mmoja.

4. Chemsha. Maji yachemke, kisha punguza moto yawe yanatokota taratibu. Tumbukiza madonge machache machache, uyaache dakika 6 hadi 8. Yakielea usishangilie mapema, kuelea si kuiva. Toa lile kubwa kuliko yote, lipasue katikati. Lisiwe na rangi ya pinki, na maji yanayotoka yawe meupe. Kama bado, ongeza dakika mbili upasue jingine. Maji hayo usimwage: ni supu. Yakiendelea kuchemka na karoti na majani ya kitunguu, una kikombe cha kila mtu mezani.

5. Pika sosi pembeni. Weka vitu vyote vya sosi kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, dakika 5 mpaka 8, hadi iwe nzito kama asali nyepesi. Ikipoa itazidi kuwa nzito, kwa hiyo usiipike mpaka igande.

6. Tunga na choma. Madonge matatu kwa kijiti. Mkaa uwe umeshika na kuvaa majivu meupe, usiwe na ndimi za moto. Choma bila sosi dakika mbili kila upande mpaka yaanze kupata rangi ya kahawia.

7. Sasa paka sosi. Paka, geuza, hesabu sekunde 30, paka tena, geuza, toa. Dakika moja na nusu inatosha.

Kwa mwenye kikaango: huhitaji kuchemsha. Bonyeza madonge yawe bapa kidogo, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka upande mmoja uwe kahawia, geuza, tia vijiko viwili vya maji, funika dakika 5 au 6. Pasua moja ukague. Likiwa limeiva, mimina sosi, zungusha kikaango mpaka kila donge ling'ae.

Angalizo kwa wenye majiko ya mkaa: choma nje au sehemu yenye upepo. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua familia zilizolala. Ukimaliza kupika, jiko lisiingizwe ndani "lipashe chumba".

Mtoto afanye kazi gani?

Kama jina lake lilivyo, chakula hiki ni cha kufinyanga, na watoto huzaliwa wafinyanzi. Mtoto aliyeshika nyama kwa mkono wake huwa na hamu ya kujua imekuwaje. Mgawo wetu nyumbani uko hivi:

• Miaka 3 hadi 4: aoshe vitunguu vya majani, ahesabu vijiti, anyunyize ufuta.
• Miaka 5 hadi 7: aviringishe madonge, akiwa amefunga nywele na kukunja mikono ya nguo.
• Miaka 8 na kuendelea: apime viungo, akoroge sosi ukiwa umesimama naye, atunge madonge yaliyoiva kijitini.

Sheria ni mbili, na hazina msamaha. Kwanza, aliyegusa nyama mbichi haigusi pua, mdomo wala kikombe mpaka anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Pili, sahani iliyobeba nyama mbichi haibebi iliyoiva. Ubao na kisu vivyo hivyo. Na kuku usimwoshe chini ya bomba kabla ya kusaga. Maji yanayoruka hutawanya vijidudu kwenye sinki na vyombo vya jirani.

Moto na ncha za vijiti ni kazi ya mtu mzima. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, toa madonge kijitini kabla ya kumpa, ukate kila donge vipande vinne. Donge zima la mviringo linaweza kumkaba, na kijiti mdomoni mwa mtoto anayekimbia ni hatari.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuiga

Pombe. Sosi halisi ya Japani hupikwa kwa sake na mirin, zote zinatokana na mchele. Mirin halisi ina kilevi cha takriban asilimia 14. Kwa familia isiyotumia pombe, sukari, maji na tone la ndimu vinafanya kazi hiyo vizuri. Soma pia maelezo kwenye chupa ya soya sosi, kwa kuwa baadhi huongezwa kilevi kidogo ili zisiharibike.

Chumvi. Kijiko kimoja kikubwa cha soya sosi ya kawaida kina chumvi ya gramu 2 hadi 3. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku nzima, na mtoto apate chini ya hapo. Ndiyo maana sosi hii tunaipaka, hatuimwagii, na bakuli la sosi halikai mezani mbele ya watoto. Kumbuka pia kwamba soya sosi nyingi zina soya na ngano, vitu ambavyo baadhi ya watoto huwa na mzio navyo.

Yai bichi. Ukitazama picha za tsukune utaona pembeni kiini cha yai kibichi cha kuchovyea. Japani watu wengi hula mayai mabichi, na mayai yao huandaliwa na kuwekewa tarehe kwa kuzingatia hilo. Mayai yetu hatuyanunui kwa mpango huo. Kwa mtoto, mjamzito au mzee, acha kabisa. Yai la kuchemsha lililokatwa nusu linapendeza vilevile.

Isiyoisha leo

Ikibaki, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na iliwe ndani ya siku mbili, ikiwa imepashwa moto mpaka katikati. Mimi huchemsha madonge ya kilo nzima siku ya Jumamosi, nusu nikayagandisha bila sosi. Siku ya wiki nikichelewa kurudi, natoa kumi, napasha kwenye kikaango na sosi, wali uko tayari, tumekula.

Je, unaweza kumfungia mtoto aende nayo shule? Wajapani hufanya hivyo, lakini hupoza chakula kwanza kabla ya kufunga kifuniko, maana mvuke uliofungiwa huharibu chakula. Kwa joto letu, kuku aliyekaa kwenye begi tangu alfajiri mpaka saa saba mchana ni bahati nasibu. Kama huna mfuko wa barafu wa kuweka pembeni, basi iwe chakula cha jioni nyumbani.

Jaribio la pili

Ilinichukua miezi miwili kumshawishi binti yangu turudie. Sikumlazimisha kula. Nilimwambia anisaidie kufinyanga tu, mengine nitamalizia mwenyewe. Alifinyanga madonge tisa, moja akaliwekea macho ya punje za ufuta. Yalipochemka alisimama mbali na jiko, shingo ameinyoosha, anangoja.

Nilipotoa lile kubwa nikampa uma. Akalipasua mwenyewe, akachungulia, akaniangalia. "Ndani ni nyeupe." Akala vijiti viwili.

Mpaka leo, nikipika mishikaki hii, kabla ya mtu yeyote kula yeye hupasua donge la kwanza na kutangaza kama limeiva. Mdogo wake naye ameanza kumuiga. Siwazuii.